Dawa Kinga ya VVU: Nani Alipe, na Nani Anastahili?

Walimu wangu, na ninyi wanafunzi wa famasia, asanteni kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie PrEP, vidonge anavyomeza mtu asiye na VVU ili asiambukizwe, na kwa nini mashoga wengi hawavipati, au wanavipata na kuvikwepa. Mara nyingi bei hufundishwa peke yake na unyanyapaa peke yake. Mimi naona ni somo moja. Mtu akishahukumiwa kwamba hastahili, dawa yake itaonekana ghali hata ikiuzwa kwa senti.

Twendeni kwanza Uingereza, maana huko ubishi wote ulifanyika hadharani.

Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa PROUD. Wanaume 544 walishiriki, na kwa wale walioanza dawa mara moja maambukizi yalipungua kwa asilimia 86, wakilinganishwa na walioambiwa wasubiri mwaka mmoja. Hapo hakukubaki shaka juu ya dawa. Ila Truvada, kidonge cha PrEP cha kampuni ya Gilead, iligharimu takriban pauni 400 kwa mwezi, na Machi 2016 NHS England, huduma ya afya ya umma huko, ikasema si jukumu lake kuinunua. Shirika la National AIDS Trust likaenda mahakamani, likashinda Agosti, likashinda tena kwenye rufaa Novemba.

Sikilizeni kilichosemwa katikati ya hukumu hizo mbili. Gazeti la Daily Mail lilikiita kidonge hicho dawa ya mtindo wa maisha, yaani ya starehe, si ya lazima. NHS England nayo ikatoa orodha ya matibabu ambayo huenda yangekwama, yakiwemo ya watoto wenye cystic fibrosis, ugonjwa wa kurithi unaoharibu mapafu. Mtoto mgonjwa akawekwa upande mmoja wa mizani, shoga upande wa pili. Sasa kijana aliyesoma habari hiyo asubuhi, mchana ataingia kliniki kuomba PrEP kwa uso gani?

Na wakati huohuo dawa ileile ilikuwa ikitengenezwa India, na ukiiagiza kwa intaneti ilikugharimu karibu pauni 50 kwa mwezi. Sheria ilimruhusu mtu kuingiza dozi ya miezi mitatu kwa matumizi yake mwenyewe. Greg Owen, mhudumu wa baa London, alikuwa anajiandaa kuanza PrEP alipopima na kukuta tayari ana virusi. Akatangaza hali yake kwenye Facebook. Watu wakamwandikia kwa wingi wakiuliza dawa hizo zinapatikana wapi, na Oktoba 2015 yeye na rafiki yake wakafungua tovuti ya kuwaelekeza. Kliniki ya 56 Dean Street ikawapima damu walioagiza, kuhakikisha vidonge ni halisi. Kwangu mimi hiyo ndiyo famasia: hukumwuliza mtu kwa nini anahitaji kinga, umehakikisha anachomeza ni dawa. Mwaka 2016 maambukizi mapya kwa mashoga yalishuka sana katika kliniki hiyo, PrEP ikisaidiana na upimaji wa mara kwa mara na kuanza ARV mapema. NHS England ilianza kuitoa kama huduma ya kawaida mwaka 2020.

Njooni kwetu sasa. Kenya ilianza kutoa PrEP bure katika vituo vya umma mwaka 2017, kwa hiyo wengine watasema bei si tatizo tena. Nani hapa amewahi kusikia chupa ya vidonge ikilia ndani ya mkoba? Chupa ya PrEP inafanana na ya ARV, na ikionekana nyumbani, maswali ni mawili kwa mpigo: una virusi, au unalala na nani? Basi kijana anavihamishia vidonge kwenye karatasi, au kwenye kopo la vitamini. Ndani ya chupa ile kuna kipakiti cha kufyonza unyevu, na vidonge hivi havitakiwi kutolewa humo. Viache kwenye karatasi, Mombasa, msimu wa mvua, kisha uniambie vimekuwaje. Dawa ni ya bure, na aibu imeiharibu.

Halafu Februari 2025 Marekani ikaelekeza kwamba fedha za PrEP za PEPFAR, mpango wake wa kupambana na UKIMWI duniani, ziwafikie wajawazito na wanaonyonyesha tu. Mama hao wanastahili kila kidonge. Lakini mizani ni ileile ya London, na mashoga wametolewa tena.

Sindano ya lenacapavir, ambayo nayo ni PrEP, inachomwa mara mbili kwa mwaka, haina chupa ya kuficha. Bei yake Marekani ni zaidi ya dola 28,000 kwa mwaka. Toleo la kampuni za India limeahidiwa kwa dola 40 kuanzia 2027, kwa nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Hadi hapo, mara nyingi tunafanya kazi na vidonge. Mteja wako akifika dirishani, punguza sauti, usimwulize analala na nani. Mwulize atavihifadhi wapi, na kama hana mahali, pangeni pamoja kabla hajaondoka.

Nakaribisha maswali.