"Catch": nani anamkimbiza nani?

Wakubwa shikamooni, vijana habari za jioni. Leo nina kitenzi kimoja tu cha Kiingereza, catch, yaani kushika au kukamata. Nimekichagua kwa sababu kiliwahi kuniaibisha.

Nikiwa kidato cha kwanza nilimwandikia mwalimu barua ya kuomba ruhusa: "Malaria has caught me." Akaisoma mbele ya darasa, wenzangu wakacheka mpaka wakagonga madawati. Mimi sikuona kosa. Nyumbani mama kasema "malaria imemshika mtoto", nami nimeandika hivyohivyo. Mwalimu akasahihisha kwa wino mwekundu: I caught malaria. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Kwani nani aliifuata malaria huko iliko hadi akaikamata?

Miaka mingi baadaye nikalichimba neno lenyewe. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066 walikuja na Kifaransa chao cha kaskazini, na humo mlikuwa na cachier, yaani kuwinda, kukimbiza mnyama. Kwa Wafaransa wa upande wa Paris lilikuwa chacier. Kiingereza kikayabeba yote mawili: la kaskazini likawa catch, la pili likawa chase. Ni mapacha hao! Zamani hata catch lilimaanisha kukimbiza, kisha likahamia mwisho wa mbio, pale mkono unapofika. Ndiyo maana Mwingereza "anakamata" basi. Sisi tunaliwahi, au linatuacha.

Na ile caught, wakati uliopita wa catch? Vitenzi vilivyotoka Kifaransa huongezewa -ed, basi. Catched ilikuwepo kweli, na watoto wao mpaka leo huiropoka. Ila kulikuwa na kitenzi cha kienyeji, latch, nacho maana yake kushika, ambacho wakati wake uliopita ulisikika kama caught. Catch akaiga kwa jirani. Latch mwenyewe siku hizi kabaki mlangoni, ni komeo.

Sasa njooni kwetu. Golikipa anadaka, polisi anakamata, mtego unanasa, mvuvi anavua, na mume wa mtu anafumaniwa (mtaa sitautaja). Mwingereza wote hao anawapa catch. Nenda mwaloni Kirumba, kule Mwanza, alfajiri, mitumbwi ya dagaa ikiingia, usikilize wanavyosalimiana. Hakuna anayeuliza "mmekamata?" Wanauliza "mmepata?" Na jibu: "Kidogo tu, mbalamwezi." Maana mwezi ukiwaka, taa za wavuvi hazina mvuto tena, dagaa wanatawanyika ziwani. Ukitaka kuyasema hayo kwa Kiingereza, usihangaike na get. Sema "we didn't catch much", inatosha.

Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wangu kwamba Mwingereza hukimbilia kitu, Mswahili hujiwa nacho: mafua yanamshika, usingizi unamchukua, njaa inamuuma. Nililipenda sana wazo hilo. Halafu binti mmoja wa darasa la jioni akaniuliza: "Mwalimu, nyumba ikiungua tunasemaje?" Nikamjibu, imeshika moto. "Na Kiingereza?" The house caught fire. Nyumba ndiyo inayoshika, kwao na kwetu! Nikafunga daftari, nikamwambia tutaendelea wiki ijayo.

Haya, maswali. Kijana wa pale dirishani, umenyoosha mkono tangu nilipotaja fumanizi.