Kipindi cha leo: "Bro, PDF ipo?"

DULA: Mambo vipi wadau, mko na Dula, na huyu mwenzangu mnamjua, kachelewa tena.

ZAI: Foleni ya Ubungo hiyo, endelea.

DULA: Leo tulipanga mambo matatu kwa anayetaka kuanza kuchora katuni. Ila ngoja niwape ya Jumamosi kwanza. Nimetandika meza na vijitabu vyangu, elfu tatu kimoja, kaja jamaa kachukua, kasoma kasimama hapohapo mwanzo mpaka mwisho, anacheka mpaka kashika meza, akakirudisha kakinyoosha vizuri kabisa, afu ananiuliza "bro, PDF ipo?"

ZAI: (anacheka) Ukurasa wa mwisho alicheka?

DULA: Hapo ndo alicheka zaidi!

ZAI: Basi kazi nzuri hiyo kaka.

DULA: Kazi nzuri nitaila? Nimeenda kwa mama ntilie nusura nimwambie mama, wali maharage, PDF ipo?

ZAI: Angekutumia WhatsApp, maharage yanagoma kufunguka.

DULA: Konda anadai nauli, we unamwambia nishatuma faili.

ZAI: Ukweni je? Wazee wamekaa, mshenga anafungua laptopu, mahari hii hapa, kurasa kumi na mbili...

DULA: Na ng'ombe wamo, wa rangi! (wanacheka) Haya, mambo matatu.

ZAI: Subiri, mi namtetea yule jamaa. Bongo kusoma kwa kusimama ni mambo ya kila asubuhi, nenda meza yoyote ya magazeti uone. Na lini watu walilipia katuni? Chakubanga wa Christian Gregory alikuwa ndani ya gazeti la Uhuru, Kenya huko Juha Kalulu wa Edward Gitau ndani ya Taifa Leo. Mtu analipia gazeti, katuni anaikuta humo.

DULA: Na Sani, lile jarida la katuni? Sani watu walinunua kwa ajili ya wahusika wake, Ndumilakuwili na Lodi Lofa, usiniambie walifuata tangazo. Toleo moja linazunguka mtaa mzima mpaka jalada linatoka.

ZAI: Umejijibu! Moja, mtaa mzima! Hiyo ndo PDF ya enzi hizo.

DULA: Lakini lile moja lilinunuliwa, dada.

ZAI: Sawa, ila leo hata Wajapani wanagawa. Kuna app ya Manga Plus ya wachapishaji Shueisha tangu 2019, katuni kama One Piece sura za mwanzo na za karibuni unasoma bure, siku ileile inayotoka kwao.

DULA: Shueisha ana vitabu vinauzwa dunia nzima, bure kwake ni chambo. Mi chambo ndo samaki mwenyewe, nikimtoa nimebaki na ndoano.

ZAI: Tafuta mdhamini basi. Katuni ya Shujaaz ya Kenya ilianza 2010, ikagawiwa bure, ndani ya gazeti na kwa mawakala wa M-Pesa, Sheng tupu, vijana wakamjua mhusika wake DJ Boyie kama jirani yao.

DULA: Na ndo waliozoesha watu bure! Afu mdhamini akiingia, shujaa wako ukurasa wa tano lazima aongelee mbegu bora.

ZAI: Kwani mbegu bora ina ubaya gani? Stori ikiwa tamu kijana anasoma, mchoraji analipwa mwisho wa mwezi. We na uhuru wako mwezi huu umelipwa na nani?

DULA: ...Hiyo sio hoja.

ZAI: Ni hoja.

DULA: Mi sichori kwa maelekezo. Bora niuze kumi.

ZAI: Na wakikusoma kumi tu?

DULA: Kumi walionunua.

ZAI: Mi hapo sikubaliani na wewe hata kidogo.

DULA: Hata mi sikubaliani. Eeh, dakika ngapi? Mbili? Haya fasta, jambo la kwanza, maneno ya kwenye kiputo yaandike kabla hujachora watu, maana ukichora kwanza utakuja kubanana na...

ZAI: Inategemea na stori.

DULA: Zai!

ZAI: Inategemea! Wengine wanaanza na kuchora nyuso.

DULA: Wadau, la pili na la tatu ndo hivyo tena, wenye studio wanataka chumba chao.