Funga Daftari Kwanza

Wakubwa zangu shikamooni. Wadogo zangu, habari za asubuhi. Nawashukuru kwa kuitoa Jumamosi yenu, maana najua wengi mmeacha madaftari ya kusahihisha mezani na nguo ndooni.

Nimeombwa nizungumzie mbinu za kujifunza na kufundishia. Mada hiyo ni pana, nami nitashika upande mmoja tu ambao umenishughulisha kwa miaka mingi: nini hutokea kichwani mwa mwanafunzi anapofunga daftari.

Picha hii mnaijua. Ni wiki ya mtihani, prepo imekwisha, taa za bweni zimezimwa. Binti amejifunika shuka, tochi mkononi, anasoma notisi za Biolojia. Anarudia ukurasa uleule mara tano, mara sita. Kila akirudia, maneno yanazidi kuwa mepesi, naye anahisi yameingia. Asubuhi anakutana na swali linalomtaka aeleze chakula kinavyosagwa tumboni. Ukurasa anauona. Anakumbuka hata mchoro ulikuwa chini, upande wa kulia. Maelezo hayaji. Anatoka analia: "Mwalimu, mimi nilisoma!" Nasi tunamjibu kwamba hakusoma kwa bidii.

Nimewajibu watoto hivyo kwa miaka, na leo naumia nikikumbuka. Yule binti alisoma. Alichokosa ni kitu ambacho hatukumfundisha: kuutambua ukurasa ni jambo moja, kukumbuka kilichomo ni jingine. Sokoni unaweza kukutana na mtu, ukamtambua uso mara moja, na jina lake likakataa kabisa kuja. Mtihani hauulizi sura. Unauliza jina.

Sasa tuwasikilize waliolipima jambo hili. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, walichapisha jaribio ambalo kila mwalimu angepaswa kulijua kama anavyolijua azimio la kazi, yaani mpango wake wa kufundisha. Waliwapa wanafunzi wa chuo matini fupi za sayansi, zenye habari za jua na za mnyama wa baharini aitwaye fisi maji. Kulikuwa na vipindi vinne. Kundi la kwanza lilisoma katika vipindi vyote vinne. Kundi la pili lilisoma vipindi vitatu, kisha cha nne likapewa karatasi tupu liandike yote linayoyakumbuka. Kundi la tatu lilisoma kipindi cha kwanza tu, halafu vipindi vitatu vilivyobaki likawa linaandika kwenye karatasi tupu. Hakuna aliyesahihishiwa, wala hakuna aliyerudishiwa matini baada ya kuandika.

Hesabuni wenyewe. Kundi la kwanza liliyapitia maandishi yale wastani wa mara 14. Kundi la tatu halikufika mara 4.

Dakika tano baadaye walipimwa. Waliosoma tu waliongoza kwa asilimia 83, waliojikumbusha mara tatu wakawa na 71. Kama jaribio lingeishia hapo, tungerudi nyumbani tukasema kurudia kusoma ndiko dawa. Lakini wengine walipimwa baada ya wiki moja. Waliosoma tu walibaki na asilimia 40. Waliojikumbusha mara tatu walikuwa na 61.

Kabla ya kuondoka siku ile ya kwanza, wanafunzi waliulizwa wanadhani watakumbuka kiasi gani wiki ijayo. Waliojiamini kuliko wote ni wale waliosoma tu. Hapa ndipo moyo wangu uliposimama niliposoma ripoti ile, kwa sababu nilimwona binti wa tochi. Wepesi wa kusoma ulimwambia kwamba anajua, naye akauamini. Angeuaminije ugumu? Aliyefunga daftari akajaribu kukumbuka hujiona mjinga: ameandika mistari minne, kalamu imekwama, anakuna kichwa. Anadhani anashindwa, kumbe katika dakika zile za kukuna kichwa ndipo somo linapoota mizizi.

Najua mwalimu wa pale mbele anataka kuniuliza: je, unaturudisha kwenye kukariri? Hapana. Kukariri tunakokulaumu ni kurudia maneno ya mtu mwingine kama yalivyo. Ninachokisema ni kulijenga upya jambo kwa mikono yako mwenyewe, kitabu kikiwa kimefungwa. Mwaka 2011 Karpicke na Janell Blunt walilinganisha njia hii na ile ya kuchora ramani za dhana, yaani michoro inayounganisha mawazo ya somo kwa mistari, njia ambayo vyuo vya ualimu vimeipenda sana. Waliojikumbusha walifanya vizuri zaidi, na si kwenye maswali ya kutaja tu. Hata yale yanayotaka mtu aunganishe mambo na kutoa hitimisho, waliyajibu vizuri zaidi.

Wazee wetu hawakuhitaji jarida la kisayansi kulijua hili. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Bibi hakuanza kwa kutupa jibu kwamba ni yai, halafu akatuambia turudie mara kumi. Alitega, akanyamaza. Tulihangaika. Tuliposhindwa tukampa mji, akautembelea, akala, akarudi nao, ndipo akafungua. Jibu lililokuja baada ya mahangaiko yale halikutoka tena kichwani. Watafiti Nate Kornell, Matthew Hays na Robert Bjork walilipima jambo hilohilo mwaka 2009: anayejaribu kujibu akakosea, kisha akapewa jibu sahihi, hulishika kuliko aliyepewa jibu moja kwa moja. Ila sharti ni hilo la pili, jibu lije. Bibi hakutuacha tukalale bila kufumbuliwa.

Turudi darasani kwetu, watoto 80 au 100, watatu watatu kwa dawati. Mwalimu anaeleza, anageuka, anauliza: "Mmeelewa?" "Ndiyooo!" "Kuna swali?" "Hakunaaa!" Ile sauti tamu haina habari yoyote ndani yake. Na tunapouliza swali la kweli, tunamchagua aliyenyoosha kidole wa kwanza, yuleyule kila siku. Wale wengine 79 hawakukumbuka chochote, walimsikiliza mwenzao akikumbuka. Mtafiti Mary Budd Rowe wa Marekani alirekodi masomo mengi ya sayansi akapima muda ambao mwalimu husubiri baada ya kuuliza. Kwa kawaida ilikuwa kama sekunde moja. Walimu walipojizoeza kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yakawa marefu, na watoto waliokuwa kimya wakaanza kusema. Sekunde tatu tu! Jaribuni Jumatatu mtaona zilivyo ndefu, mtatamani kuzijaza kwa maneno. Msizijaze.

Kuhusu muda wa kurudia, nitapita haraka kwa kuwa jambo lenyewe ni la zamani. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alijifanyia majaribio mwenyewe na kuyachapisha mwaka 1885. Aligundua kwamba usahaulifu hukimbia sana mwanzoni, saa za kwanza na siku ya kwanza, kisha hupunguza mwendo. Kwa hiyo saa moja iliyogawanywa katika siku nne ina thamani kuliko saa moja ya mfululizo usiku wa kuamkia mtihani. Mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake walipozipima mbinu kumi za kujifunza, mbili tu zilipata alama ya juu, nazo ni kujipima na kugawa muda. Kupiga mistari ya rangi kwenye maandishi na kurudia kusoma zilipata alama ya chini. Watoto wetu wengi hutegemea nini? Hizo mbili za mwisho.

Lakini kuna jambo ambalo watafiti wa St. Louis hawakulazimika kulifikiria, nasi hatuwezi kulikwepa. Wanafunzi wao walikumbuka kwa lugha waliyoimudu. Mtoto wetu anamaliza darasa la saba kwa Kiswahili, halafu kidato cha kwanza anakutana na kila kitu kwa Kiingereza. Ukimwambia afunge daftari aeleze kwa maneno yake, maneno yake yako wapi? Hana. Ndiyo maana anakariri sentensi nzima, pamoja na nukta. Nampinga anayemwita mvivu. Anashika kamba pekee aliyopewa.

Hapa Tanzania, Tume ya Rais ya elimu chini ya Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 Kiswahili kitumike hadi sekondari, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Wasomi kama Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamelieleza jambo hili kwa miaka mingi. Majirani zetu wa magharibi mwa Kenya nao wametuachia somo chungu: Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walifuatilia shule zilizogawiwa vitabu vya kiada, wakakuta kwamba vitabu viliwanufaisha waliokuwa tayari wanaongoza. Wengine walio wengi havikuwapandisha, na sababu moja waliyoitaja ni kwamba viliandikwa kwa Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wa watoto wale. Kitabu kilikuwepo mezani, mlango wa kukiingilia haukuwepo.

Sera haibadiliki Jumatatu. Kipindi cha kwanza cha Jumatatu ni chako. Ninachokifanya mimi ni kuwaacha wakumbuke kwanza kwa Kiswahili, wawili wawili, kisha tunalihamisha jibu pamoja kwenda Kiingereza, ubaoni. Inachukua dakika saba au nane zaidi. Ninazilipa kwa kupunguza imla ya notisi, na sijazijutia.

Swali limekuja kutoka nyuma, nalo ni la haki kabisa: darasa la watoto 94, vipindi 28 kwa wiki, wakiandika wanachokumbuka, karatasi hizo atazisahihisha nani?

Hakuna, mwalimu. Usizikusanye. Hili si jaribio la alama, na ukiligeuza kuwa la alama watoto wataanza kuibia. Andika ubaoni maswali matatu: moja la jana, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Madaftari yafungwe. Kila mtoto aandike kwenye kipande cha karatasi, nyuma ya karatasi iliyokwishatumika inatosha. Dakika nne, kimya. Wewe tembea kati ya madawati, usimsaidie mtu, soma mabegani mwao, utajua ndani ya dakika hizo walikokwama kuliko "ndiyooo" ya mwaka mzima. Kisha wabadilishane na jirani, toa majibu, kila mmoja arekebishe kwa kalamu ya rangi nyingine. Karatasi wabaki nazo wenyewe. Wiki ya kwanza watalalamika, na wengi watakuonyesha karatasi tupu. Lile swali la mwezi uliopita usiliondoe kwa sababu hiyo. Liulize tena Ijumaa.