Jivii, ukoga na vishimo 96

Assalamu alaykum jamani, nashukuru kunialika hapa Chake. Nianze na dumu. Tia kidole ndani ya dumu la maji la zamani uguse ubavuni, ule utelezi ni bakteria, wamejishika pale wakajifunika ute wao wenyewe, na ukisuuza kwa maji matupu hawatoki ng'o. Kitaalamu ni bayofilamu, mimi nauita ukoga tu maana hata ule wa meno ndio huo huo, na bakteria wa kipindupindu nao hujishika hivi hivi.

Sasa unaupimaje? Tunaotesha bakteria kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo 96, tunamwaga mchuzi, yaani yale maji ya chakula chao, tunasuuza, tunatia rangi ya kristo vayoleti asilimia 0.1, ndo ile jivii ya zambarau tuliyopakwa mdomoni utotoni. Dakika 10 mpaka 15, unasuuza tena, unaacha ikauke, halafu asidi ya asetiki asilimia 30, ile iliyomo kwenye siki ila hii kali zaidi, inaiyeyusha rangi iliyonasa na mashine inasoma ukolezi wake kwa mwanga wa nanomita 550. Rangi ikikoza, ukoga mwingi.

Kazi yote imo kwenye kusuuza wanangu. Ukielekeza maji ya bomba kishimoni ukoga unabanduka, ukisuuza kijuujuu rangi ya bure inabaki na unapata namba kubwa ya uongo. Zamisha sahani kwenye beseni taratibu, itoe, ipindue, ikung'ute juu ya karatasi, na siku zote acha vishimo vya mchuzi mtupu upate cha kulinganishia.

Mimi mwenyewe iliniponyoka mara moja, tulitia klorini kwenye ukoga, tukapaka jivii, zambarau ile ile! Nikawa karibu kuandika klorini haikufanya kitu. Mwenzangu akasema hebu jaribu resazurini, hiyo ni buluu na bakteria hai huigeuza pinki. Tukarudia, tukaiosha klorini kwanza, tukasubiri masaa, buluu haikubadilika. Kumbe wamekufa, ila maiti na ute vimeganda pale pale, na jivii inashika hai na mfu sawa sawa. Kwa hiyo ukitaka kujua tangi limebaki na uchafu kiasi gani tumia jivii, ukitaka kujua waliomo wazima au wamekufa hiyo peke yake haikutoshi, na ute uliobaki ni godoro la wageni wapya kwa hiyo tangi lisuguliwe kwa brashi pia.

Sahani hii nimeifunga tepu, ipitisheni, tizameni safu ya mwisho, ile ya klorini.