Maji matatu tu, mkanda umetakata

ZUHURA: Tunarekodi? Haya. Karibuni jamani, leo naanza na Beka maana jana kanitumia picha ya negativu zake za zamani, ile mikanda ya filamu, nikadhani kazimwagia chai.

BEKA: Usinicheke dada Zu. Zile ni za harusi ya binamu yangu Tanga, nilisafisha mwenyewe nyumbani ndo kwanza naanza anza, sa siku hiyo maji yamekatika mtaa mzima, ndani kuna dumu moja tu na mama ananiangalia hivi, nikauchovya mkanda mara moja nikautoa nikauning'iniza. Ulikuwa safi kabisa! Miaka miwili baadae nafungua bahasha nakuta manjano, kuna sehemu sura ya bibi harusi imefifia haionekani.

ZUHURA: Fiksa hiyo, ile dawa inayokuja baada ya developa.

BEKA: Fiksa ilibaki ndani.

ZUHURA: Unajua kwetu mtu anaenda studio anasema "nisafishie picha", kwa hiyo wengi tunadhani kusafisha ni dawa tu basi. Developa inatoa picha sawa, fiksa inaondoa ile fedha ambayo haikupata mwanga, ila fiksa yenyewe nani anaitoa?

BEKA: Maji. Fiksa ni thayosalfeti, ina salfa ndani yake, ukiiacha kwenye ule utando wa gelatini juu ya mkanda inaharibika taratibu afu salfa inaishambulia picha, maana picha ya bleki enti waiti ni chembe za fedha tupu. Mkufu wa fedha ukikaa droo si unakuwa mweusi? Mambo ni yale yale.

ZUHURA: Mi nilikuwa nafungua bomba robo saa nzima, kile kitenki cha kusafishia mkanda kiko kwenye sinki, maji yanamwagika tu, mpaka mwenye nyumba akaja kugonga anauliza kuna bomba limepasuka au vipi.

BEKA: Afu bomba lenyewe linaweza likapita juu juu chini maji hayabadiliki vizuri. Kwani ukisuuza kanga unafungulia bomba? Si unaweka maji ya kwanza unamwaga, ya pili, ya tatu. Ilford, wale watengeneza filamu, wana njia yao ndo hivyo hivyo. Unajaza tenki maji, unalipindua juu chini mara 5, unamwaga. Unajaza tena, mara 10, unamwaga. Ya tatu mara 20. Tenki la roli moja ya filamu ya 35mm linachukua kama mililita 300, sa piga hesabu, hata lita moja haifiki!

ZUHURA: Na hiyo inatosha kweli?

BEKA: Inatosha, ila fiksa iwe ile ya kawaida isiyo na dawa ya kugandisha gelatini, hiyo yenye kugandisha inataka maji mengi zaidi. Mi naongeza na kupumzisha dakika mbili tatu kila awamu, maana fiksa inatoka yenyewe kwenye gelatini kwenda kwenye maji, ndani na nje zikishalingana hata utikise mpaka mkono uume haitoki tena, mwaga weka mengine.

ZUHURA: Sasa mi kisima chetu kina chumvi bwana.

BEKA: Hiyo ndo utashangaa, maji ya chumvi yanatoa fiksa haraka kuliko haya matamu. Vita vya Pili wanamaji wa Marekani waliosha hata kwa maji ya bahari. Ila lazima umalizie na maji matamu, chumvi ikibaki nayo inaharibu picha.

ZUHURA: Kwa hiyo mawili ya kisima, afu ya dumu mwishoni?

BEKA: Mi ningefanya mawili ya kisima na matatu ya dumu, roho itulie. Na angalia joto! Kama developa yako ilikuwa nyuzi 20, usiende kuchota bomba la Dar saa nane mchana, maji yale yanakaribia ya kuoga mtoto mchanga. Gelatini ikishtuka inaweza ikajikunja kama ngozi ya embe bovu. Andaa maji mapema, chupa zikae kwenye beseni lenye barafu.

ZUHURA: Na yale madoa meupe ya matone?

BEKA: Madini ya maji hayo. Maji ya mwisho kabisa tumia ya distildi, yale ya kuongezea kwenye betri ya gari, ila soma chupa dada yangu, dukani asidi inakaa jirani yake na muuzaji vyote anaita maji ya betri. Afu tone moja la dawa ya kuteleza, Photo-Flo au Ilfotol, yasigande. Tone, sio kifuniko, ukizidisha inaacha ukungu.

ZUHURA: Mi nakausha bafuni. Nafungulia maji ya moto kidogo mvuke ushushe vumbi, naning'iniza, kibanio cha nguo chini usijikunje, nafunga mlango.

BEKA: Na wanaotaka kuoga?

ZUHURA: Wanasubiri masaa mawili. Shemeji yako kashazoea, siku hizi akiona taulo limewekwa chini ya mlango anaenda kuoga kwa jirani.