Hodi moja, karibu 11

ZUHURA: Karibuni tena. Mbaraka wiki hii kakesha na seva ya simu za intaneti iliyoshambuliwa, kwa hiyo hata habari za asubuhi simuulizi.

MBARAKA: Logi ilijaa INVITE, yaani maombi ya kuanzisha simu kwa SIP, lugha ya simu za intaneti. Zote poti 5060 ya UDP, njia ya kutuma pakiti bila kuhakikisha zimefika. Simu haziingii wala hazitoki, na intaneti haikujaa hata robo. Wengi hukimbilia kupima kasi ya intaneti, kumbe kilichoisha ni memori.

ZUHURA: Ni zile sekunde 32 ambazo seva inangoja.

MBARAKA: Ndizo. INVITE ikifika, seva inaifungulia muamala, yaani inaitunza kwenye memori, na kujibu 401, yaani jitambulishe. Hapo inangoja ACK, uthibitisho kwamba jibu limefika. Isipokuja, kwa UDP inarudia jibu baada ya nusu sekunde, kisha sekunde 1, 2, 4, halafu kila baada ya sekunde 4, mpaka zitimie 32.

ZUHURA: Ngoja nihesabu. Sifuri, 0.5, 1.5, 3.5, 7.5, 11.5... hadi 31.5. Majibu 11!

MBARAKA: Mtu kapiga hodi mara moja kaenda zake, wewe unaita karibu mara 11.

ZUHURA: Na kama kaghushi anwani ya IP, hizo "karibu" zako 11 zote zinamwangukia mtu ambaye hakubisha hodi kabisa.

MBARAKA: Sasa piga hesabu: INVITE 1,000 kwa sekunde, mara 32. Miamala 32,000 iko wazi kwa pamoja.

ZUHURA: RFC 3261, waraka wa kanuni za SIP wa mwaka 2002, ilishaonya juu ya hili. Ombi la asiyejitambulisha linaweza kujibiwa bila kutunza muamala. Sema karibu moja, sahau.

MBARAKA: Halafu fail2ban, programu ya kufungia anwani korofi, imfungie mshambuliaji.

ZUHURA: Hapo hapana, kaka. Fail2ban inasoma logi. Pakiti imeshaingia, memori imeshaliwa. Tena akighushi anwani ya mtoa huduma wako wa laini, utamfungia mtoa huduma.

MBARAKA: Si ndiyo kazi ya ignoreip, orodha ya wasiofungiwa? Anwani zake ziandike humo.

ZUHURA: Na watumiaji ambao IP zao hubadilika kila siku? Mimi naweka kikomo kwenye fayawoli, kwa hashlimit, kanuni ya kuhesabu pakiti, zisiifikie Asterisk, programu ya seva ya simu.

MBARAKA: Ukihesabu kwa kila anwani, akighushi anwani 10,000, hakuna hata moja itakayogusa kikomo.

ZUHURA: Naongeza kikomo cha jumla.

MBARAKA: Kikijaa, wateja wa kweli nao wako nje. Umemmalizia kazi mshambuliaji.

ZUHURA: Afadhali simu mpya zikwame kuliko seva ianguke na zinazoendelea.

MBARAKA: Sikubali.

ZUHURA: Wala mimi. Na dakika zimekwisha: pakiti mbovu, poti za RTP zinazobeba sauti, chan_sip ile moduli ya zamani ya SIP, yote hatujagusa!

MBARAKA: La chan_sip tu: Asterisk 21 imeiondoa kabisa. Aliye nayo ahamie PJSIP, moduli iliyochukua nafasi yake. Mengine kipindi kijacho.

ZUHURA: Na anayetuma INVITE kwa TCP, njia inayohakikisha pakiti zimefika, je?

MBARAKA: TCP jibu la 401 halirudiwi. Karibu ni moja.

ZUHURA: Ila muamala unaingoja ACK sekunde zilezile 32.