Limuzini za Daimler: Jibu kwa Mnaoniuliza Kila Wiki

Habari zenu ndugu zangu. Swali ni lile lile kila nikifungua maoni: ile limuzini nyeusi ndefu ya Kiingereza, ya misiba na harusi, inapatikanaje, na naweza kuileta nyumbani? Najua nikijibu wapo watakaosema najigamba na wengine watasema nalalamika. Semeni tu. Gari hili nalipenda, ndiyo maana sitaki mtu aingizwe mjini.

Mnaloliulizia, mara nyingi, ni Daimler DS420. Mkiambiwa ni Rolls-Royce, tazameni juu ya grili: Daimler ina mifereji midogo midogo imesimama. Lilitengenezwa kuanzia 1968 hadi 1992 juu ya sakafu ya Jaguar 420G iliyokatwa na kuongezwa inchi 21, likafika mita 5.74. Kwa hiyo pimeni gereji kabla ya kupima mfuko. Injini ni ile XK ya lita 4.2, silinda 6. Hadi 1979 yalikuwa yakiundwa na Vanden Plas, waunda mabodi ya magari, pale Kingsbury, London, kisha kazi ikahamia Coventry. Mama yake Malkia Elizabeth aliyatumia, na kasri la Denmark pia.

Kabla ya kusafiri kwenda kulitazama, ombeni namba ya usajili. Huku Uingereza historia ya ukaguzi wa kila mwaka, MOT, inasomwa bure mtandaoni, na rekodi zinaanzia 2005. Msiishie kwenye maili. Someni maonyo: kama kutu inatajwa mahali pale pale miaka mitano mfululizo, mwenye gari alikuwa akipaka rangi juu yake. Namba ya chesisi pelekeni Jaguar Daimler Heritage Trust, taasisi inayotunza kumbukumbu za magari haya. Watawapa cheti chenye tarehe ya kutengenezwa, rangi ya kwanza na namba ya injini ya asili. Namba ya injini iko kwenye bloku na tena mbele ya silinda hedi. Zisipolingana na ya cheti si lazima uwe wizi, injini hubadilishwa, lakini bei ishuke.

Sasa gari lenyewe. Muuzaji atawaonyesha ngozi na mbao. Ninyi laleni chini, upande wa nyuma. Breki za nyuma haziko kwenye magurudumu, zimebanwa pembeni mwa difu. Joto la breki huua sili za difu, oili ikadondokea diski, na kwa kuwa fundi haoni kitu bila kuingia uvunguni, pedi na kalipa husahaulika miaka. Kuzitengeneza vizuri maana yake ni kushusha fremu yote ya nyuma, pamoja na difu. Kwa fundi wa hapa, anayelipwa kwa saa, hapo ndipo limuzini ya bei rahisi inapogeuka ghali. Breki ya mkono isiyoshika ni dalili ya kwanza.

Kwenye injini, tope la kutu hujikusanya nyuma ya bloku, ndani ya njia za maji. Jaguar huhesabu silinda ya kwanza kutoka nyuma, kwa hiyo fundi akiambiwa "namba moja inapata joto" asikimbilie mbele. Bloku za 4.2 hupasuka kati ya silinda, na watu huendelea kubadilisha gasketi bila kujua. Pimeni mgandamizo wa silinda zote 6. Moja ikipungua sana kuliko wenzake, ondokeni. Presha ya oili ikiwa moto iwe karibu psi 40 kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika. Na petroli ya kawaida ya Uingereza tangu Septemba 2021 ni E10, ethanoli yake hula mipira ya zamani ya mafuta. Wekeni E5, yenye ethanoli kidogo.

Hapa kwenye makaratasi ndipo hasira zangu zilipo. Gari likishatimiza miaka 40 linaweza kusamehewa kodi ya barabara, na kama halijafanyiwa mabadiliko makubwa ndani ya miaka 30 iliyopita, hata MOT. Kwa hiyo la 1992 bado. Na msamaha wa kodi haupo kwa gari linalobeba abiria wa kulipia. Mnaotaka kulikodisha harusini London, na ile tozo ya hewa chafu, ULEZ, ya pauni 12.50 kwa siku haiwasamehi kwa sababu ya umri tu. Wauzaji hawalitaji hilo kabisa, na linaniudhi kweli. Kadi yake ya usajili, V5C, haithibitishi nani mwenye mali. Imeandikwa hivyo hivyo juu yake. Ikipotea, fomu ni V62 na pauni 25. Daini risiti pia.

Nyumbani? Kenya hairuhusu gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, basi Mombasa msijaribu kwa njia ya kawaida. Tanzania kuna ushuru wa uchakavu juu ya ushuru mwingine, na wakala wa forodha aukokotoe kwanza, kwa maandishi. Hali ya kila mtu ni yake, mimi nasema ninavyoyajua mambo ya huku. Likishapatikana la kusafirishwa, sehemu ya V5C ya kulitoa nchini ijazwe na kutumwa DVLA, mamlaka ya usajili wa magari ya huku, na nakala ya kadi nzima ibaki mkononi kabla gari halijapakiwa melini.